Ripoti ya Mistari Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha kukunja, daftari na penseli, nikaambiwa nikae upande wa jua. Upande wa kivuli ulikuwa wa wanachama wa klabu. Nilikuwa nimetunza nyasi za uwanja ule wa Nairobi kwa miaka sita na kuandika alama za mechi kwa miaka minne, na sasa Mwenyekiti wa Uteuzi alikuwa ameamua kwamba macho yangu yanafaa kazi nyingine: kutazama vijana wa kriketi waliokwisha kuvaa jezi ya taifa wakiwa bado wanafunzi, na kusema nani atafika mbali na nani ataishia kwenye picha za ukutani shuleni kwao. Kazi hiyo inaitwa uskauti. Nyumbani Isiolo hakuna aliyeielewa. Mama aliwaambia majirani kwamba nalipwa kutazama watoto wakicheza.

Jioni ile Mwenyekiti aliniuliza nimempenda nani. Nikamtaja kijana mrefu aliyepiga sita mara nne, yaani mpira ulivuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi.

"Wewe Halake, mtu ya Isiolo kabisa, unanunua ng'ombe juu ya pembe?" akasema. "Huyo leo amerushiwa mipira laini. Siku watamrushia ile fupi inaruka inakuja kwa kifua, atafanya nini?"

Nikafungua daftari, naye akaendelea:

"Kesho akitolewa, usiangalie mwenye amemtoa. Mfuate yeye na macho mpaka aketi."

Kesho yake yule mrefu alitolewa mapema, akatupa pedi zake, zile kinga za miguu, akaenda kutafuta soda. Aliyetolewa baada yake alikuwa mfupi, hata jina lake sikuwa nimelishika. Aliketi na glavu bado mkononi, akamtazama yule mrushaji aliyemtoa mpaka ova ikaisha, na ova ni mipira sita. Kisha akasubiri ova nyingine ya mtu yuleyule, akamtazama tena. Mrefu aliacha mchezo hata kabla ya kuota ndevu vizuri. Mfupi aliichezea timu kubwa ya taifa mpaka magoti yakamkatalia.

Basi nikaifanya kazi hiyo hivyo, kwa kufuata watu mpaka waketi. Nilipelekwa Mombasa, ambako joto lilinionyesha nani anaendelea kukimbilia mpira saa ya nne uwanjani. Nilipelekwa Nakuru, kisha Kampala na timu ya vijana. Huko Kocha Mkuu wa Vijana, mwanamume mkali aliyekunywa chai bila sukari, alinifundisha kutazama miguu. "Mikono inadanganya," alizoea kusema. "Mguu wa mbele ukifika kwa mpira mapema, hiyo kichwa inafikiri." Siku hizi naona vijana wanapimwa kwa kompyuta, kila mpira na picha yake. Sina ugomvi na kompyuta. Lakini sijasikia iliyomfuata mtu mpaka akaketi.

Nilikuwa mzuri katika kazi ile, na nasema hivyo bila haya. Lakini kuna mmoja niliyemkosea, na kosa langu lilitoka nyumbani.

Baba yangu alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Isiolo. Kwetu Waborana mnyama mzuri hasifiwi mbele za watu, jicho baya lisije likampata. Baba akiona mtamba wa kupendeza alisema kwato zake ni ndogo, au mkia mfupi, akaenda zake. Wale wa hovyo aliwasifu kwa sauti mpaka tukacheka. Sisi watoto tulijua: yule aliyetajwa kosa lake tu, ndiye aliyeuteka moyo wa mzee.

Miaka mingi baadaye akaja Ekai, kijana wa Kiturkana kutoka Isiolo, aliyekuwa akisoma shule ya bweni Nairobi. Alikuwa mpiga bati, yaani mwenye gongo la kuupiga mpira, na alikwisha kuichezea Kenya ya vijana mara moja kule Uganda. Nilimtazama siku tatu katika kambi ya uteuzi. Siku ya pili alitolewa kwa mpira wa kuzunguka, ule unaogeuka njia ukigusa ardhi, akaketi na glavu zake, akatazama. Siku ya tatu mrushaji yuleyule alimrushia mpira uleule, na Ekai akautuma mpakani taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Nilisimama. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kusimama. Kisha nikaona watu wananitazama, nikaketi upesi.

Usiku nikaandika ripoti. Kila kijana alikuwa na karatasi yake, na karatasi hizo zilisomwa na watu watano wa kamati, ambao wengi wao hawakuwa wamefika kambini. Wenzake Ekai niliwajazia karatasi: huyu ana nguvu, huyu ana nidhamu, huyu anapendeza kutazama. Ya Ekai niliandika mistari miwili. Mguu wa mbele unachelewa kidogo. Haongei na wenzake. Nikaifunga bahasha nikiwa na furaha kabisa, nikiamini nimemlinda.

Orodha ya watakaokwenda mashindano ya dunia ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Nilikwenda mbio kwa Mwenyekiti, mpya huyo, yule wa kwanza alikuwa amekwisha kustaafu.

"Halake, wewe mwenyewe ndio uliandika," akaniambia, akanionyesha karatasi. "Mistari mbili, na zote makosa. Tungemchagua na nini?"

"Huyo ndiye bora kuliko wote."

"Sasa mbona hukusema? Majina tumeshatuma."

Mwaka uliofuata Ekai alikuwa amepita umri wa timu ya vijana, na timu kubwa haikumwita mtu ambaye hakwenda mashindano. Akajiunga na chuo cha ualimu. Mimi sikumtafuta. Niliona aibu, na aibu hiyo niliibeba hadi siku niliyorudisha kiti cha kukunja na kupanda basi la kurudi nyumbani.

Sasa naishi Wabera, hapa Isiolo, karibu na shule anayofundisha Ekai. Naam, yeye huyo. Anafundisha hesabu, na jioni anawafundisha wasichana kriketi kwenye vumbi, kwa mpira wa tenisi. Kila tukikutana ananiamkia kwa heshima ambayo sikustahili. Juzi alikuja kwangu asubuhi na fomu mkononi. Mwanafunzi wake mmoja, Amina, ameitwa timu ya taifa ya wasichana, na wanataka barua ya mtu anayejua kutazama.

"Mzee, hii kazi ni yako," akasema. "Wewe macho yako haikosei. Hata mimi uliniona mapema kwamba sitoshi, nikakubali, nikasoma."

Nikakiweka kikombe chini. Nikamweleza yote: baba yangu na kwato ndogo, bahasha, mistari miwili, jinsi nilivyosimama siku ile. Nikamwambia, "Ulitosha, Ekai. Ulitosha kuwashinda wote. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Aliikunja na kuikunjua pembe ya ile fomu. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Miaka hiyo yote," akasema mwishowe, "nilikuwa najua mimi ni mtu wa kujaribu tu."

Kisha akaisukuma fomu mbele yangu. "Huyu msichana mwandikie yenye umeona."

Nilikuwa nimemwona Amina jioni nyingi, nimemfuata mpaka akaketi. Nikaandika mashallah, kisha nikamsifu pande zote mbili za karatasi. Nilipomaliza, Ekai hakuondoka.

"Sasa andika na yangu."

"Niipeleke kwa nani? Kamati ile haipo tena."

"Nipatie mimi."

Nikachukua karatasi nyingine. Niliandika ile kambi, siku ya pili, siku ya tatu, ule mpira wa kuzunguka na mahali ulipokwenda. Niliandika kwamba huyu anaifaa Kenya na achaguliwe wa kwanza. Chini kabisa nikaongeza ule mguu wa mbele, kwa sababu ulikuwa kweli unachelewa.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye mguu akacheka, akajifuta macho kwa kiganja, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. Kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia, na Mwalimu Ekai hachelewi, lakini siku hiyo alirudi akaketi, akaniomba chai.