Maua Juu ya Madoa

Kazi yangu ni kuchora wanawake hina. Nimeifanya hapa Isiolo kwa miaka mingi, hata baadhi ya mabibi harusi ninaowachora sasa, mama zao pia niliwachora mimi. Mchoraji hushika mkono wa mtu saa mbili, saa tatu, na muda wote huo mkono wake mwenyewe uko mbele ya macho ya yule anayechorwa. Kwa hiyo madoa yalipoanza, sikuwa na mahali pa kuyaficha.

La kwanza lilitokea nyuma ya mkono wa kulia, la kahawia, dogo kama tone la chai. Nilidhani ni hina iliyodondoka, nikalisugua kwa kitambaa. Baada ya muda yalikuwa saba kulia na manne kushoto. Kabla ya hina nilikuwa nauza maziwa ya ngamia kando ya barabara kule Ngaremara, nimejifunika shungi mpaka kwenye nyusi, mikono tu ndiyo iliyobaki nje kutwa nzima. Uso wangu umebaki wa mama wa makamo. Mikono ilitangulia uzeeni bila hata kuniaga.

Huenda ningeyazoea kama si simu. Siku hizi hina haijakauka kabla haijapigwa picha. Picha moja ya mkono wangu umeshika wa bibi harusi ilizunguka mjini, na msichana fulani akaandika chini yake: "Maua ni fiti, lakini hiyo mkono ya shosh ni ya nani?" Watu wakacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Niliyasoma maneno hayo nikiwa jikoni, nikayarudia tena na tena, mpaka chai ikafurika ikazima moto. Shosh ni nyanya, na mimi sina mjukuu hata mmoja.

Wakati huo binti yangu wa pekee alikuwa anakaribia kuolewa. Nimemchora kila Idi tangu akiwa na miaka minne, nikimshika kwa nguvu kwa sababu alikuwa hatulii. Siku ya hina yake ya harusi niliibeba kichwani miaka yote hiyo. Nilijua hata ua nitakaloliweka katikati ya kiganja. Wiki tatu kabla ya harusi alikuja akaketi karibu nami.

"Hooyo," akasema, "hiyo kazi ya hina nimepea ule msichana wa Kiwanjani. Wewe hiyo siku ukae tu."

"Sawa, hooyo," nikamjibu. Kwetu Wasomali mama na mtoto huitana kwa neno hilo hilo. Nikaendelea kuchambua mchele, ingawa nilikuwa sioni tena mchele wala mawe. Sikumuuliza sababu, kwa kuwa niliijua: alikuwa ameiona ile picha. Binti yangu alikuwa anaona haya mikono yangu ionekane juu ya yake.

Nikaamua kwamba nitayaondoa madoa hayo, nimwonyeshe mikono safi, naye abadili nia. Nilikuwa na wiki tatu. Nilianza na ndimu na chumvi, nikasugua mpaka ngozi ikawasha. Nikapaka qasil, ule unga wa majani ya kijani ambao bibi zetu walijipaka usoni, nikakaa nao mikononi asubuhi nzima kama mtu aliyefungwa pingu. Kisha nikaenda kwa mama mmoja anayeuza vipodozi sokoni. Akanipa kikopo kisicho na jina. "Hii hata doa ya miaka ishirini inatoa," akasema. Siku ya sita ngozi iliyozunguka madoa ilikuwa imekwajuka, na madoa yenyewe yakaonekana zaidi ya mwanzo. Nilikitupa kikopo chooni, nikalia. Nasema wazi kwamba nililia, mtu mzima, kwa ajili ya vitone kumi na kimoja.

Hapo ndipo nikafanya lile jambo ambalo mimi mwenyewe nimewakataza wasichana wengi. Hina ya kawaida ni nyekundu. Ukiipaka juu ya doa, doa linazidi kukolea. Kinachofunika ni piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Kila mchoraji anajua kwamba piko inaweza kuunguza ngozi, na huwa nawaambia mama za mabibi harusi kwamba siitumii. Nilijifungia chumbani nikaikoroga nzito. Kila doa nikalifanya kitovu cha ua. Maua kumi na moja, meusi, mazuri kweli. Siku tatu nilitembea mjini nikisalimia watu kwa mikono yote miwili.

Binti yangu hakuyaona. Alikuwa amekwenda kukaa kwa shangazi yake, kama mabibi harusi wetu wanavyofanya, atunzwe mpaka siku yake. Nikapanga kumwendea siku ya hina, asubuhi, mikono ikiwa imepakwa upya ing'ae. Kwa hiyo siku mbili kabla nikarudia piko juu ya mistari ile ile.

Jioni mikono ikaanza kuwasha. Kesho yake kila ua lilikuwa limevimba, na adhuhuri yakawa malengelenge yanayotoa maji. Vidole havikukunjika. Nilikwenda kliniki nimeificha mikono ndani ya shungi. Nesi, mama wa Kimeru asiye na maneno matamu, aliiosha akanyooshea kidole ua moja.

"Na hapa katikati kulikuwa na nini?"

"Madoa."

"Ya kuwasha? Ya kutoka damu? Yalikuwa yanabadilika?"

"Hapana. Yalikaa tu."

"Mama, hiyo haikuwa ugonjwa. Hiyo ni jua na miaka. Ungekuja nayo hivyo, ningekuambia ufunike mikono ukitoka, upake mafuta ya kukinga jua, na kama inakusumbua roho nikutume kwa daktari wa ngozi. Sasa umeniletea kidonda."

Akanifunga bandeji. Binti yangu alipopiga simu nilimwambia kila kitu kiko shwari.

Siku ya hina nilivaa glavu nyeusi, zile wanazovaa wanawake wengi hapa wakitoka nje, nikaketi kwenye kona ya sebule ya wifi yangu, yule shangazi wa binti yangu. Wanawake walijaa, ngoma inapigwa, udi unafuka. Yule msichana wa Kiwanjani akaingia na koni zake za hina. Nilijikaza nisimtazame akienda kwa binti yangu. Lakini hakwenda kwa binti yangu. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Hooyo, leta mkono. Bibi harusi amesema hawezi pakwa kabla yako."

Vigelegele vikapaa. Binti yangu akasimama, mikono yake mitupu, anacheka huku machozi yanamtoka. "Miaka yote unachora watu," akasema, "na sijawahi ona mtu akikuchora wewe. Ndio nikasema hiyo siku ukae."

Wakaniambia nivue glavu. Niliwaambia nasikia baridi, nao wakacheka, maana Isiolo nani husikia baridi saa nane mchana? Mwishowe nikazivua. Binti yangu aliitazama ile bandeji iliyolowa, akauliza kwa sauti ndogo, "Hooyo, umefanya nini?"

Nilimwomba msichana aanze na bibi harusi. Akamchora vizuri, sitamnyima haki yake, ingawa katikati ya kiganja aliweka ua ambalo mimi nisingeliweka.

Vidonda vimepona sasa. Vimeacha makovu meupe yenye umbo la maua kamili, petali kwa petali, na ndani ya kila ua doa langu lipo pale pale. Nimewaeleza wateja kwamba niliungua kwa mafuta ya moto. Binti yangu akija kunitembelea huishika mikono hii, huigeuza, wala haulizi tena. Nilikuwa na wiki tatu nzima za kumwuliza neno moja tu, kwa nini, na mdomo wangu haukuwa na kidonda.