Mbuzi wa Kuondoa Soni

Baada ya ule uchaguzi ulioiondoa serikali ya zamani, kijiji chetu kizima kiliamini kwamba maji ya bomba yangefika kabla ya Pasaka. Mimi pia niliamini. Nilikuwa nimestaafu ukarani katika ghala la mahindi Kitale na kurudi nyumbani, upande wa Bungoma, nikiwa na vyeti vyangu vya sekondari ndani ya bahasha na nafasi tele ya kutoa maoni. Watu walikuwa wamechangamka kupita kiasi. Karibu na Moi's Bridge nilimwona kwa macho yangu mama wa mboga akimwambia askari wa barabarani arudishe noti aliyopewa na dereva, na askari akairudisha huku amenuna. Tukasema basi, nchi imepona.

Zamani mambo yetu yote yaliamuliwa na diwani mmoja. Alikaa hotelini, akanywa chai yake, akasema barabara itapita hapa na shule itajengwa pale, na pale palikuwa kila mara karibu na kwake. Sasa tuliambiwa pesa za maendeleo zitaletwa hadi mashinani na wananchi wenyewe watachagua kamati. Chemchemi ilikuwepo, juu huko mlimani penye msitu. Kilichohitajika ni mabomba ya kuyateremsha maji hadi kwetu, ili wake zetu waache kushuka mtoni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Mke wangu alikuwa ameanza kulalamika shingo. Hakuwa mtu wa kulalamika.

Naibu wa chifu aliita mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Tulipanga milolongo nyuma ya tuliowataka. Mimi nikapata uenyekiti, kwa sababu nilijua kuzungumza. Mwalimu mmoja mstaafu akawa katibu. Kanuni zilitaka wanawake wawe na nafasi, kwa hiyo uweka hazina ukaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mitumba Kitale, mwanamke mwenye sauti na akili ya biashara. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, kabla sijafikiri. Naibu wa chifu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akasema viongozi wapya wakae pamoja kwenye benchi la mbele waonekane. Uwanja mzima ukageuka kututazama mimi na yule mama.

Yule mama ni mdogo wake mama mkwe wangu. Wote walizaliwa upande wa Malakisi, na yeye akaolewa kwenye mwinuko unaotazamana na wetu. Nimemzidi umri, lakini kwa mila yetu ni mama mkwe kamili. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo soni. Ina dawa yake, na dawa yenyewe si ngumu: mkwe anapeleka mbuzi na blanketi, mama anapika kuku, anamnawisha mkwe mikono, na tangu siku hiyo wanasalimiana kama watu wengine.

Kwa mama mzazi wa mke wangu nilitimiza hayo zamani. Kwa huyu mdogo wake sikutimiza. Siku ya kupeleka mahari, yeye akiwa bado msichana, aliwaangalia ng'ombe wangu waliokonda akauliza kama walikuja kwa miguu yao au walibebwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikaapa moyoni kwamba huyo atangoja sana mbuzi wake. Akangoja. Aliolewa, akazaa, akapata wajukuu, rais akaondoka madarakani, na mbuzi bado hajafika.

Basi kamati yetu ilianza kazi hivi: sisi wengine ndani ya darasa, mweka hazina nje kwenye kigoda chini ya dirisha. Katibu alikaa karibu na dirisha ili apitishe maneno, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie mweka hazina atupe maoni yake," ningesema.

"Mwambie mwenyekiti nimesikia," sauti ingejibu kutoka nje. "Mimi si kiziwi. Niko nje tu."

Vijana wa kijiji walisema serikali iko ndani na upinzani uko dirishani. Mvua ikinyesha, mkutano uliahirishwa. Na kwetu mvua hunyesha.

Nisijifanye mtakatifu. Mpangilio ule ulinipendeza. Alipouliza jambo gumu, kwa mfano kwa nini nilitaka mfereji wa kwanza wa kuchotea maji uwekwe kwenye njia panda ya kwangu, nilijifanya upepo umelichukua swali. Nikaendelea na ajenda. Diwani wa zamani hakuwahi kuhitaji upepo, alikataa tu. Mimi nilikuwa diwani yule yule, ila nilikuwa na ajenda.

Tuliitwa Bungoma kwa semina. Zile semina. Sijui nchi hii ilikula keki ngapi miaka ile ikifundishwa uwazi na uwajibikaji. Wakufunzi walitoka Nairobi na kalamu za rangi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Mimi nilikaa ukumbini, mweka hazina akakaa kwenye ujia, mlango ukiwa wazi nusu. Mkufunzi mmoja, msichana mwenye bidii, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba wanawake wanasukumwa nje ya vikao. Sauti ikatoka kwenye ujia: "Sijasukumwa na mtu, mwanangu. Ni huyo mwenyekiti hajaleta mbuzi." Msichana akaandika hilo pia, akauliza kama mbuzi yumo kwenye bajeti.

Hayo yote tungeyapita. Tulikwama benki. Pesa za mradi hazikuweza kutoka mpaka kamati ifungue akaunti, na akaunti haikuweza kufunguliwa mpaka mwenyekiti na mweka hazina wasimame pamoja mbele ya ofisa na kutia sahihi. Kanuni hiyo ililetwa kuzuia wizi, na ilikuwa kanuni nzuri. Tulikwenda benki moja ya Bungoma. Ofisa alikuwa kijana wa Pwani mwenye adabu nyingi.

"Mweka hazina yuko wapi, mzee wangu?"

"Yuko nje, karibu na mlango."

"Basi tumwite aingie."

"Akiingia, mimi natoka."

Akaweka kalamu chini. "Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Akasema kwa upole kwamba kwa heshima ya namna hiyo yeye hawezi kufungua akaunti, turudi tukishapatana. Nilimweleza kwamba tumepatana. Hakuelewa, na mimi nikamkasirikia yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyemzuia mbuzi.

Nikatoa shauri twende Kitale, ambako hatujulikani. Katibu akaleta jibu kwamba mweka hazina anauliza ni nani asiyejulikana Kitale, maana mwenyekiti amezeekea ghalani pale, na yeye ameuza nguo pale tangu wanawe wakinyonya. Nikasema twende hivyo hivyo. Mpango wangu ulikuwa nisimame nyuma ya nguzo, nitie sahihi, nipite mlango wa kando, kisha yeye aingie. Bawabu wa benki alipomwona alimsalimu kwa furaha, maana hata shati alilovaa alilinunua kwake, kisha akamuuliza kuhusu mzee aliyejibanza nyuma ya nguzo.

"Ni mkwe wangu," akasema, kwa sauti ile ya sokoni. "Anaficha mbuzi."

Foleni yote iligeuka. Nilitoka nje, nikavuka barabara, nikaingia hotelini na kuagiza chai ambayo sikuinywa.

Kaka yangu alinijia nyumbani jioni hiyo. Alikuwa amekwisha kusikia. Sijui habari ilipanda gari gani. Aliniambia nipeleke mbuzi tumalize maneno. Nilimjibu kwamba mila si kitu cha kulazimishwa na benki. Nilisema serikali ikitaka kufanya kazi na wananchi ijifunze mila zao, na kwamba nitakwenda kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa, kuomba kanuni ilegezwe. Nilisema kwa ufasaha sana. Nyuma ya jiko, wakati nikizungumza, mbuzi wangu walikuwa wakilia.

Nikaenda kwa Bwana DO. Nikaambiwa yuko semina. Nikaenda tena, yuko mkutanoni. Nilipompata alikuwa amechoka, mezani kwake kumejaa maombi ya kamati nyingine: kamati iliyokuwa na wenyeviti wawili, kamati iliyojenga zahanati kwenye kinamasi ili isiwe karibu na kijiji chochote, kamati iliyopiga kura kuhusu rangi ya mlango kabla ya kununua matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "enzi zile mlilia kwamba serikali inawaamulia kila kitu. Sasa hili moja mmeachiwa. Mbuzi ni wako."

Nilitoka nikinung'unika kwamba hawa ni wale wale. Nikarudi kwake mara nyingine, nikampelekea hata mchungaji anisemee. Mchungaji alikuja ofisini, akakaa, akakubaliana na Bwana DO. Miezi ikapita. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha mwezi wa Juni, na pesa ambazo hazijachukuliwa hurudi; na mimi, niliyefanya ukarani maisha yangu yote, nililijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye kamati. Niliacha Juni ije. Nadhani niliamini kwamba mwishoni kuna mtu angechoka akaniruhusu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea serikali: ukiisumbua vya kutosha, mkubwa mmoja anapiga simu na kanuni inalala. Hakuna aliyepiga simu. Ndiyo demokrasia tuliyoipigia foleni, na ilikuja kunikuta mimi sijabadilika.

Mwezi uliofuata nilikuwa nimesimama kando ya barabara na mke wangu, ambaye alikuwa ametoka mtoni na mtungi wake. Trekta ikapita polepole ikivuta tela lililojaa mabomba meusi, marefu, yakining'inia nyuma. Yalikuwa yakienda kata jirani. Kamati yao ilikuwa imefungua akaunti mapema. Watoto wetu walilikimbilia tela wakishangilia, hawajui ya nani. Mke wangu aliliangalia hadi lilipokata kona. Kisha akautua mtungi, akaishika shingo yake kwa mikono miwili.

"Mbuzi mmoja," akasema.

Aliubeba mtungi akaenda.

Jumamosi iliyofuata nilichukua beberu mkubwa kuliko wote, nikanunua blanketi, nikaenda na kaka yangu na katibu hadi kwenye ule mwinuko wa pili. Njiani sikuingia kwenye mahindi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Bila shaka mke wangu alitangulia kupeleka habari. Mweka hazina, huyo mama mkwe wangu, alitoka akampokea beberu, akamzunguka, akampapasa mgongo. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya ng'ombe. Alikuwa amezeeka. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza.

"Huyu amekuja kwa miguu yake," akasema. "Asante, mkwe."

Kaka yangu alicheka. Safari hii nilicheka nami.

Kuku alikuwa tayari. Akaleta beseni na birika, akapiga goti mbele yangu, nami nikanyoosha mikono kama mila inavyotaka. Maji aliyomimina yalikuwa ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, yenye chembe za udongo zilizotuama kwenye mistari ya viganja vyangu.

"Nawa," akasema. "Hayo ni ya mtoni. Yale ya bomba wewe ndiye ungeninawisha."

Nikanawa. Hakukuwa na upepo hata kidogo, na swali lililokuwa ndani ya maneno yale nililisikia lote. Baadaye, tulipokuwa tukila, aliniuliza waziwazi mwaka wa fedha unaofuata unaanza lini. Nikamwambia umeshaanza. Akaisukuma firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, upande wangu wa sahani, akasema tukutane benki Bungoma Jumatatu asubuhi, na kwamba nikae mbele, si nyuma ya nguzo.