Kundi la Furaha

Mama Agness huponda mawe ya dhahabu kijijini Nyangoto, kando ya shimo la machimbo lililomfukia mwanawe Zablon. Mwili haujapatikana mpaka leo.

Alikuja kwenye jaribio langu la chuo kuhusu hisia na kumbukumbu. Kura ilimweka kwenye kundi la furaha: hao walisikiliza wimbo wa harusi wa litungu, ala ya nyuzi, kisha wakumbuke maneno niliyowasomea. Wimbo ulipoanza, akalia. Ndio uliopigwa Zablon alipooa. Hata hivyo, hakusahau neno hata moja.

“Umefaulu, mama,” nikamwambia.

“Kufaulu nini, mwanangu? Mimi nimekuja unisaidie kusahau. Si ndicho mlichosomea huko chuo?”

Chuoni tulifundishwa kupima kumbukumbu tu. Nikafunga daftari langu.

“Basi, ngoja nirudi kwa Zablon,” akasema, akaokota nyundo yake.