Nilivyo-debug compiler nikiwa nje ya dirisha la mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Ruiri. Hii sikuhadithiwa, ilinipata mimi mwenyewe. Mke wangu yuko hapa anasoma nikiandika, kwa hivyo hata kuongeza chumvi siwezi.

Mama mkwe wangu wa Kianjokoma anafuga kuku. Nilimtengenezea incubator ya kuangua mayai, inaendeshwa na laptop ya mtumba.

Mtu mwenye akili angeweka thermostat aende zake. Mimi nikaandika programming language yangu na compiler yake, ile ya kuigeuza iwe maagizo ya mashine. Kiburi tu.

Niliiacha sebuleni. Wao wakaihamishia chumbani kwa mama kwa sababu ya paka.

Siku moja tumeenda kuwasalimia, nikampa Wawira, mke wangu, flash aingie aweke update. Code mpya, mbio kuliko ya kwanza. Kwa laptop yangu ilikuwa inaruka!

Akaiweka. Programu ikafa, balbu za joto zikazima.

Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, na mama alikuwa ameahidi vifaranga kanisa karibu lote. Version ya zamani nilikuwa nimefuta. Ndiyo, najua.

Sasa shida yenyewe. Huku kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata moto ukiwaka unaita mtu. Na ile laptop niliifunga kwa mashine na screws, haitoki.

Nikasimama nje ya dirisha, laptop yangu juu ya ndoo. Wawira ndani ananisomea.

"Imeandika illegal instruction."

"Angalia processor ni gani."

Akasoma. Nikashika kichwa.

Backend yangu, ile sehemu ya compiler inayotoa code ya mashine, ilikuwa inaangalia family, yaani ukoo, na model ya processor, basi, inaamua huyu ana AVX, yale maagizo ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo. Kumbe zile za bei rahisi za ukoo huohuo hazina, ukizipa programu inakufa. Ni kama kuona Mmeru unampimia miraa kabla hujamuuliza. Mimi Mmeru, miraa inaniumiza tumbo, na bado niliandika huo ujinga!

Mama akapita na blanketi na chupa za maji moto.

"Muthoni," ndivyo anaita mkwe wake, "mayai yanapoa."

Akaingia ndani kuyafunika. Wueh, niliogopa. Afadhali angenitukana.

Nikabadilisha backend iulize processor yenyewe kupitia CPUID: AVX unayo? Na operating system inairuhusu? Ukikosa moja, itoe code ya kawaida. Nikapitisha flash dirishani, Wawira akacompile upya kwa ile laptop ya ndani. Balbu zikawaka. Nilipiga nduru mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Mengi yalianguliwa, asante Mungu. Funzo ni moja: usisome jina la ukoo ukadhani umemjua mtu. Muulize.

Jumapili mama akanisimamisha kanisani.

"Huyu ndiye muthoni wangu, fundi wa kompyuta. Vifaranga niliangua mimi, na blanketi."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanya nini?

Wenye wakwe na wenye compiler, uwanja ni wenu.