Krismasi ya Tarehe Ishirini na Nane

Saa nne kasoro asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshapata joto lake. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anavuta shuka kutoka kwenye mashine, analikung'uta mara moja na kutazama pembe yake. Uzi mwekundu. "Wazazi," anasema, na shuka linatua kwenye kikapu cha wodi ya wazazi. Linalofuata lina uzi wa kijani. "Upasuaji." Haangalii mara mbili.

Simu yake ameiegemeza kwenye kopo la sabuni. Kila baada ya mashuka machache anaitupia jicho. Anamsubiri mama yake apige. Saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuijibu shule iliyo jirani na kwake: basi lao analikodi tarehe ishirini na nane Desemba, au wampe mtu mwingine. Na basi bila ndiyo ya mama halina kazi.

"Akikataa?" anauliza mwenzake anayekunja foronya, ambaye hapa wote wanamwita Mama Pacha.

"Akikataa, wenye nauli wataenda ishirini na nne. Mimi nabaki hapa na wewe."

"Basi naomba akatae. Nani ataniwashia lile dude?"

Dude ni mashine kubwa ya kufulia, ambayo hugoma inapojisikia. Watu wawili tu wanajua kuibembeleza, yeye na mfanyakazi mmoja aliyemtangulia kazini. Aliyetangulia ndiye huchagua likizo kwanza, na kila mwaka huchagua Krismasi. Hospitali haifungwi. Mashuka mia sita yanaingia kila siku, sikukuu iwepo isiwepo. Ndiyo maana huu ni mwaka wa sita tangu mwanamke huyu ale Krismasi kwa mama yake mzazi, safari ya saa tisa barabarani.

Hata hivyo safari yenyewe huipanga yeye. Anapanga magari, mizigo, nani akae na nani, nani asikae na nani. Kwenye ukoo wanamwita Waziri, kifupi cha Waziri wa Uchukuzi. Kaka yake mkubwa huongeza: "Waziri asiyepanda gari."

Hacheki sana utani huo.

Mwaka huu ukoo una watu thelathini na mmoja kutoka nyumba nane, mkubwa ana miaka sabini na mbili, mdogo ana wiki tisa. Waziri aliuliza nauli za wiki ya Krismasi, akajumlisha, akakuta ni mishahara yake minne. Basi la shule, dereva na mafuta yakiwemo, kuanzia tarehe ishirini na saba ni mshahara mmoja na robo. Shule imefungwa, basi limelala, na wanaoligombania wiki ya Krismasi watakuwa wameshasafiri.

"Kwa bei ya Krismasi wengine wanabaki, ila hawasemi," anamweleza mwandishi wa habari hii, mikono ikiendelea. "Mwaka juzi wifi yangu alisema watoto wana mafua. Wote wanne? Mafua gani hayo yanayosubiri nauli ipande?"

Viti vya basi hilo ni vya watoto wa darasa la kwanza. Kaka mkubwa, mtu wa futi sita, alikwenda kujaribu kimoja, magoti yakamfika kidevuni. "Nitafika nimekunjwa kama foronya zako," alimwambia. Waziri akamjibu kwamba kukunjwa ni bure, kunyooka ndiko kunakolipiwa.

Anayo sababu ya kupanga kila kitu mwenyewe. Mwaka jana walikuwa ishirini na nane kwenye basi dogo la kukodi, naye akiwaongoza kwa simu kutoka chumba hiki hiki. Walisimama kituo cha mafuta. Kabla hawajaondoka aliuliza, "Hesabuni. Wangapi?" Wakamjibu ishirini na nane. "Haya, nendeni."

Hesabu ilikuwa sawa. Ila ishirini na nane hao walikuwa na mzee mmoja mgeni kabisa, aliyeona basi lina nafasi akapanda, akidhani ni la abiria. Na baba yao mdogo alikuwa bado kwenye foleni ya choo.

"Hamkumwona ni mtu mwingine?" mwandishi anauliza.

"Dada yangu, kila mtu alidhani ni mkwe wa nyumba nyingine! Walimkaribisha, wakampa na chakula. Shangazi mmoja akamuuliza watoto hawajambo, akasema hawajambo. Mwendo wa nusu saa, ndipo akauliza atashukia wapi."

Baba mdogo walimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, amenuna. Mpaka leo akikasirika husema, "Mwiteni yule mkwe wenu."

Kwa hiyo mwaka huu Waziri amenunua uzi. Kila nyumba ina rangi yake, imeshonwa kwenye mikono ya nguo za safari na kwenye vishikio vya mabegi. Mdogo wake alilalamika: sisi ni watu au mashuka?

"Nikamwambia, miaka kumi na minne hapa shuka halijanipotea. Mtu amenipotea kwa siku moja tu."

Mpango wote ulikubaliwa na nyumba nane. Aliyebaki ni mwenye nyumba wanayokwenda. Siku tatu zilizopita Waziri alimpigia mama yake kumweleza kwamba Krismasi mwaka huu itafanyika tarehe ishirini na nane, ili wote wafike, naye akiwemo.

"Kwani Yesu naye anasubiri basi la shule?" mama aliuliza.

Waziri alimweleza habari za nauli. Mama akasema nauli anaijua. Akamweleza habari za likizo. Mama akasema, "Siku yenyewe nyumba zote hapa zitajaa watu. Mimi nitakaa na nani? Na paka?" Akasema atafikiri. Tangu hapo hajapiga simu.

"Hilo la paka ndilo lililoniuma," Waziri anasema. "Nilipanga kila kitu, viti, mafuta, mpaka nepi. Hiyo siku moja yake sikuifikiria." Alitaka kumpigia aseme basi, mama, tuache. Hakupiga. Anakiri kwamba hakupiga kwa sababu anataka kwenda.

Saa tano na dakika arobaini simu inaita. Shuka linabaki nusu ndani ya mashine. Mama Pacha anapunguza sauti ya redio, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnafika mchana au jioni?"

"Wapi, mama?"

"Kwangu! Kwani mmepanga kwenda kwingine? Niambie nijue magodoro niyaanike lini. Yakikaa ndani yananuka."

Waziri anaufunika uso kwa pembe ya aproni. Mama anaendelea huko, sauti kubwa, chumba kizima kinasikia. Tarehe ishirini na tano amealikwa kwa mwimbaji mwenzake wa kwaya. Amemwambia watoto wake wana akili zao wenyewe, wawaache. Ila siku hiyo wampigie simu, kila nyumba, saa mbili asubuhi kabla hajaenda kanisani, na asisikie kwamba mtu alikuwa amelala.

"Jioni, mama. Saa kumi na mbili."

"Haya. Na yule mgeni wa mwaka jana msije naye."

Simu inakatwa. Mama Pacha anauliza, "Sasa dude?" Anajibiwa kwamba ataoneshwa kesho na keshokutwa, vizuri, mpaka alizoee, na kwamba yule mwenzao anayeijua mashine atakuwa amesharudi likizo kabla ya ishirini na nane. Kisha Waziri anaipigia shule. Mazungumzo hayafiki dakika mbili.

Anapanga kukaa siku tano. Mwandishi anamuuliza atafanya nini huko. Analivuta kwanza lile shuka lililobaki.

"Miaka yote hii nimemwona mama mara nne. Mbili za msiba, moja alipolazwa, moja nilipompeleka kutibiwa macho. Kila mara nafika mbio, naondoka mbio." Analikung'uta shuka. "Safari hii nataka nimkute mzima, hana shida na mtu. Nimwone bure tu."