Manjano Usoni mwa Dada Mwanasha

Enzi zetu, bendera ya Uhuru ingali mpya, msichana wa Msambweni akiota vipele hakwenda dukani kutafuta krimu. Krimu ya nani? Alikalishwa mkekani ukumbini, akashikwa kidevu, na kila mwanamke aliyepita akatoa hukumu yake. Huyu anasema majani ya mwarobaini, yule anasema liwa, ule msandali wa kusagwa, mwingine anasema mtoto aache samli.

Dada yangu Mwanasha aliyapata yote kwa mpigo. Aliugua homa ndefu, akainuka na uso unaong'aa mafuta kama sufuria ya pilau, vipele paji zima, na nywele zinamtoka kila apitishapo kitana. Alikuwa darasa la saba, wa kwanza kwetu kufika huko, na mtihani ulikuwa umekaribia. Baba alijivunia darasa hilo hata msikitini. Basi Mwanasha akakataa kutoka. Alijifunika leso mpaka puani, akasema shule ataiona akhera.

Jirani yetu mwenye duka alikuwa Mhindi. Mkewe, Mama Jayanti, alizaliwa papo hapo Msambweni, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Alikuwa na dawa za kwao alizofundishwa na bibi yake. Alikuja na bakuli la unga wa dengu, manjano na maziwa ya mgando, akampaka dada uso mzima. Kichwani alimtia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mbegu za uwatu, akiyasugua taratibu kwa ncha za vidole huku akimuuliza habari za hesabu. Pilipili na vya kukaanga alivipiga marufuku. "Mwanangu, mwili wako una moto. Tuupoze kwanza," alikuwa akisema. Mama, aliyeiamini liwa yake tu, alinuna siku ya kwanza. Baadaye akaomba kuonyeshwa vipimo. Nyumba ilinukia uwatu kutwa, na harufu ile naipenda hadi leo.

Tulichosahau ni kwamba pwani yetu manjano usoni yana maana yake. Bi Mwanakombo wa nyumba ya nyuma alichungulia uani kuomba chumvi, akamwona Mwanasha wa manjano, ananukia, na siku zote hizo hatoki. Hakuuliza. Alipiga kigelegele. Muda si muda mji mzima ulijua kwamba Mwanasha ni mwari, anasingwa manjano ndani, harusi i karibu, na sisi wachoyo hatujaalika mtu. Shangazi zetu walifika nyuso zimewavimba. "Kaka, waoza mtoto nasi twasikia kisimani?" Baba aliapa kwamba hata yeye hakujua kama anaoza. Mama Jayanti alicheka hadi akakaa chini. Hata kwao, alisema, bibi harusi hupakwa vivyo hivyo, naye hakuliwaza hilo kabisa alipompaka.

Tungecheka tukamaliza, lakini habari ilifika shuleni. Binamu yetu alirudi akasema mwalimu mkuu amesikitika, na jina la Mwanasha litaondolewa kwenye mtihani kwa kuwa anaolewa. Wasichana wengi walikuwa wamepotea kwa njia hiyo. Mwanasha aliinuka. Hakunawa. Alitoka mbio, mafuta yanamchuruzika shingoni, leso imebaki mkekani, nami nyuma yake. Akasimama mlangoni mwa darasa, mwalimu mkuu akifundisha.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi siolewi. Nina vipele."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwanasha aliwatazama wenzake, kisha akacheka na yeye, na mimi nikalia kwa furaha, maana hatukuwa tumemsikia akicheka tangu augue. Mwalimu alimwonyesha dawati lake. Alikaa vivyo hivyo mpaka kengele ya mwisho, na mtihani ulipofika akaufanya.

Vipele viliondoka, nywele zikarudi. Kama ni dengu au ni umri tu, sijui. Nijualo ni kwamba siku zile hakuna aliyejipaka mwenyewe. Palikuwa na mtu nyuma yako, magoti yake mabegani mwako, mnazungumza.

Siku hizi mjukuu wangu naye ana vipele. Chupa zake zatoka Ukunda, hii ya asubuhi, hii ya jioni, hii ya kutangulia hizo. Hujipaka huku mdomoni mna chipsi, kisha huiuliza simu kwa nini haviponi. Juzi alikuwa amejifungia bafuni akilia. Nilipasha mafuta ya nazi na uwatu, nikabisha hodi.

"Niko sawa, bibi. Niache tu."

Nilibaki pale mlangoni. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi, mafuta yakipoa viganjani.