Zamu ya Maji ya Lazaro

Ipo Jumamosi moja ambayo naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mke wangu akinisikia nasema hivyo ananuna mpaka kesho. Lakini kabla sijakusimulia, mwanangu, kaa vizuri, na hiyo simu itie mfukoni.

Nilikusikia jana pale kijiweni kwa waendesha bodaboda. Mlikuwa mnabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kwa nini Mferejini imekuwa timu ya kupigwa na kila anayepita. Mmoja anasema kocha hamna kitu. Mwingine anasema wachezaji wa sasa wanapenda kupigwa picha kuliko kukimbia. Yule mrefu anayegeuza kofia nyuma akaapa kwamba kuna kitu kimezikwa golini. Halafu wewe, mjukuu wa damu yangu, ukasema timu yenyewe haijawahi kuwa kubwa, ni sisi wazee tunaotia chumvi.

Hapo uliniudhi. Nilitaka kusimama nikuchape na hii fimbo, goti likakataa.

Haijawahi kuwa kubwa! Mwanangu, Mferejini ilikuwa inaondoka hapa Digodigo juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope, inafika Sale, inapiga. Inapanda Loliondo, inapiga. Wakatualika Karatu, mjini kwenye watu waliovaa viatu vya njumu tangu shuleni, sisi wengine pekupeku, na tukapiga. Watoto wa huko walitufuata mpaka kwenye lori wakitaka tu kumshika mkono Lazaro, mfungaji wetu. Nikisikia mnavyoitaja timu ile leo, kama mnamtaja mlevi wa kijiji, moyo unaniuma, sikufichi.

Sasa nisikilize nikwambie ukubwa ule ulitoka wapi, maana kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye hata kupiga danadana tatu hawezi.

Unajua jinsi tunavyoishi hapa. Shamba letu linategemea mfereji, na mfereji una zamu. Siku yako ikifika unafungua maji. Ikikupita, unasubiri mpaka watu wote wazungukiwe ndipo ikurudie, na hakuna mechi itakayosogeza zamu ya mtu. Basi mchezaji ambaye zamu yake imeangukia siku ya mchezo ataondokaje? Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila mchezaji alikuwa na shabiki wake mmoja, tukimwita mshika zamu. Siku ikigongana na mechi, mchezaji anapanda lori, mshika zamu anabaki. Anafungua maji, anasimama na jembe mpaka shamba linywe lote, anafunga. Mpira hauoni. Jioni lori likirudi, yule mchezaji hapiti kwake wala haendi kwenye ngoma. Anakwenda kwanza kwa mshika zamu wake, anakaa naye chini, anamsimulia mchezo wote tangu filimbi ya kwanza. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na watu waliyagombea.

Ndiyo maana vijana wale walikimbia vile. Hakuna aliyekuwa uwanjani huku akili iko shambani.

Mimi nilikuwa mpiga debe. Kucheza sikujua, miguu yangu yote miwili ilikuwa ya kushoto na yote mibovu, lakini debe nililipiga mpaka watu wa timu pinzani wakaniomba nihamie kwao. Na nilikuwa mshika zamu wa Lazaro, rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi. Lazaro alivaa namba tisa. Baba yake alikuwa amefariki, yeye ndiye aliyemlisha mama na wadogo zake wanne kwa lile shamba lao la kule chini. Kijana mpole, anacheka kidogo, lakini mpira ukifika mguu wake wa kushoto, kipa alianza kuomba Mungu.

Mwaka ule tukaingia fainali ya kombe la wilaya, kule Loliondo, na vijana wa Ololosokwan. Bingwa anapewa dume la ng'ombe. Na zamu ya maji ya Lazaro ikaangukia Jumamosi ileile.

Alikuja nyumbani siku moja kabla. Mahindi yao yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, na wewe ni mtoto wa mkulima, unajua hindi likikosa maji wakati huo limekwisha. Akaniambia, "Najua unavyoitaka hii fainali. Kama utashindwa kubaki niambie sasa, mimi nitabaki, wataweka mtu mwingine mbele."

Nikamwambia, "Wewe nenda kafunge magoli. Maji niachie mimi."

Akanishika bega, akaenda kulala.

Asubuhi lori la wachezaji likaondoka. Nikafungua maji, nikayaelekeza shambani, nikasimama na jembe langu kama mtu mwenye akili. Halafu nikalisikia lori la pili, la mashabiki, linapiga honi kule barabarani. Watu wanaimba. Wanaimba bila debe, mwanangu, na wanaimba vibaya. Nikajiambia, maji si yanakwenda vizuri? Nikakandika tope na mawe pale penye mchepuko, nikaweka na vigogo vya migomba, nikapakanyaga kwa miguu pakakaa imara. Nikaona yatajinywesha yenyewe. Nikakimbia nyumbani, nikachukua debe, nikalidaka lile lori limeshaanza kuondoka.

Kule uwanjani nilijificha nyuma ya watu, kimya, debe nimelifunika kwa shuka. Kipindi cha kwanza hakuna goli. Kipindi cha pili tukawashika vijana wa Ololosokwan wakabaki kukimbia nyuma tu. Winga wetu akapiga krosi, Lazaro akaituliza kifuani, akamgeuza beki, akabaki yeye na kipa. Mikono yangu haikuniuliza. Nikalipiga debe.

Lazaro alilijua debe langu. Kila mtu alilijua. Akasimama na mpira mguuni, akageuka, akanitafuta mpaka akaniona. Mpaka leo nauona uso ule. Hakukasirika. Alinyoosha tu kiganja, kama mtu anayeuliza, na midomo yake nikaisoma kule mbali: "Maji?"

Beki akamnyang'anya mpira. Tukafungwa moja bila, dakika za mwisho, na Lazaro alikuwa anatembea tu uwanjani kama mtu aliyepotea sokoni.

Tulipofika nyumbani ukuta wangu wa tope ulikuwa umebomoka zamani. Maji yalikuwa yamekata njia yake, yameliacha shamba la Lazaro kavu zaidi ya nusu, yamekwenda kuzoa maharage ya mama mmoja jirani. Na zamu ilikuwa imekwisha.

Wazee wa mfereji wakaitisha kikao. Sheria yao ilikuwa ngumu na bado ni ngumu: maji yakipotea, anayejibu ni mwenye zamu, na zamu yake inayofuata inarukwa. Wakamuuliza Lazaro ana la kusema. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, watu watatu tu katikati yetu. Nilimsubiri anitaje. Nilitaka anitaje, ili na mimi nipate pa kuanzia. Akasema, "Zamu ilikuwa yangu," akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Kuacha maji ulikuwa ujinga wa kijana. Kunyamaza pale, huku mwenzangu anabebeshwa mzigo wangu, huo ulikuwa woga, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua tofauti yake.

Mahindi yakakauka. Lazaro akaenda Karatu kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa ili mama yake ale. Mechi iliyofuata, beki wetu wa kati zamu yake ikagongana na safari. Kocha akamwambia, si una mtu wa kukushikia? Akajibu, "Hata Lazaro alikuwa naye." Akabaki shambani. Safari nyingine wakabaki wawili. Nyingine wanne. Timu ikaanza kwenda na watu tisa, ikaanza kupigwa, na kila ilipopigwa mashabiki tukakusanyika kubishana kama mnavyobishana ninyi. Kocha mbovu! Refa kala! Jezi hazina baraka! Na nani alikuwa anapiga kelele kuliko wote? Babu yako.

Siku moja nikiwa katikati ya maneno hayo, nimemshambulia kocha mpaka povu linanitoka, akapita Mzee Gidioni, mkubwa wa wazee wa mfereji, jembe begani. Hakuwa mtu wa mpira. Akasimama, akasikiliza, halafu akaniita kwa upole.

"Wewe kijana wa debe. Siku ile ya fainali nilikwenda kwenye ule mchepuko wa maji. Nilikuta nyayo za viatu vya katambuga kwenye tope, moja imekatika kisigino. Nimekaa miezi yote hii namsubiri mwenye nyayo aseme mwenyewe. Nimechoka kusubiri."

Watu wote wakaangalia miguu yangu.

Sikuwa na pa kuiweka, mwanangu. Ningekuwa na uwezo ningeikata. Mzee akaongeza jambo moja tu, akasema, "Unatafuta aliyeiua timu kwa mwalimu wa watu. Yeye hajaondoka kwenye kituo chake hata siku moja." Akaenda zake.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa mama yake Lazaro, nikapiga magoti. Yule mama alikuwa anachambua mboga, wala hakuacha. Akaniambia, "Nilijua tangu jioni ile. Lazaro alinikataza nisiseme, akasema utakuja mwenyewe." Kisha akanielekeza alipo.

Nilimkuta sokoni Karatu, kwenye baridi ile ya kule, anashusha magunia ya viazi. Aliponiona alicheka, wallahi alicheka, akanipeleka kwenye chai na chapati. Akaniuliza mama hajambo, mfereji una maji, namba tisa siku hizi anavaa nani. Nikamwambia yote, hata yale aliyoyajua, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi nyumbani tuseme ukweli mbele ya wazee, acheze tena.

Akazungusha kikombe chake, akasema, "Nilikusamehe kwenye lori, kabla hatujafika nyumbani. Kuhusu kucheza, nimejaribu hapa Karatu, wamenipa mpaka viatu. Siwezi. Nikipata mpira tu, badala ya kuangalia goli naangalia watu, natafuta kama upo."

Nililia pale mgahawani, na watu wakaona, na sikujali.

Nilirudi nikasema ukweli kwenye kikao, zamu ya mama yake ikarudishwa, na mimi nikalilima shamba lile miaka mingi. Lazaro alioa kulekule, akazaa, akazeeka. Kila nilipokwenda Karatu tulikaa pamoja, tukazungumza kila kitu isipokuwa mpira. Mwaka juzi tulimzika. Watoto wake walinieleza kwamba hawakujua baba yao aliwahi kucheza. Hebu fikiri! Mguu ule! Natamani ungeuona mara moja tu, usingesema tunatia chumvi. Natamani nimwone mimi, jioni moja, akishuka kwenye lori na kuja moja kwa moja kwangu, aketi chini, aanze kunisimulia tangu filimbi ya kwanza.

Sasa nakupa neno langu, ulichukue.

Timu yenu haikuangushwa na kocha, na hicho kilichozikwa golini hakipo. Ilianza kuanguka siku mchezaji alipoacha kumwamini shabiki wake. Mkiwa ishirini pale kijiweni mnamtukana kipa kwa yale magoli manne ya Jumapili, kuna hata mmoja aliyekwenda kwake kumuuliza? Mimi nilikwenda na goti langu hili. Mke wake amelazwa hospitali ya Wasso wiki ya pili sasa, watoto wachanga wamebaki na dada yao wa miaka tisa, na yeye alidaka mpira dakika tisini akifikiria kama wamekula. Mmoja wenu angekaa na watoto wale, Mferejini ingekuwa na kipa.

Kwa hiyo ukipenda timu, au mke, au rafiki, usinipigie kelele za kuonyesha unapenda. Mwulize anahitaji umshikie nini, ukishike, hata kama furaha yote iko kwingine na wewe huioni. Ukisema utabaki, baki. Na ukishindwa, maana utashindwa, wewe ni binadamu, sema siku hiyohiyo kwa mdomo wako, mwenzako asisimame peke yake mbele ya wazee. Msamaha nilipewa mapema sana. Rafiki yangu uwanjani sikurudishiwa.

Haya, inuka. Mungu akujalie mtu atakayebaki nyuma kwa ajili yako, akupe na moyo wa kubaki kwa ajili yake. Maji yakufikie siku yako, shamba lako linywe mpaka mwisho, na jioni asikosekane mtu wa kuja kukaa nawe chini akusimulie. Jumapili ijayo timu inacheza Sale. Pita kwa kipa leo, kabla jua halijazama, umwambie watoto utakaa nao wewe.